Nyama ya nguruwe ina lishe gani hasa, na je, inategemea mnyama alikula nini?

Mwalimu wa Chiungutwa (mwuliza swali)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu nyote. Naishi wilaya ya Masasi, na nyumbani kwangu nyama ya nguruwe huliwa mara moja moja, zaidi msimu wa korosho, fedha inapopatikana. Mke wangu ni mjamzito, na alipokwenda kliniki alielezwa kwamba kiwango cha damu yake kiko chini kidogo, akapewa vidonge na kushauriwa kula nyama, maini, mboga za majani na vyakula vya jamii ya kunde. Tangu siku hiyo nyumba yangu imekuwa baraza la wataalamu. Mama mkwe anasema kitimoto ndiyo nyama inayoongeza damu upesi kuliko nyama nyingine yoyote. Kaka yangu anasema ni mafuta matupu, yatamletea mgonjwa presha. Jirani yetu anayefuga anasema wote wawili hawajalitazama jambo vizuri, kwa sababu nyama ya nguruwe aliyelishwa pumba na mabibo si sawa na ya yule aliyelishwa mabaki ya samaki kule Mikindani.

Naomba suala la dini tuliweke kando, kwa kuwa kila mtu ana imani yake na huku kwetu tunaishi kwa kuheshimiana. Ninachotaka kujua ni mambo mawili: nyama hii ina virutubisho gani ukiilinganisha na ya ng'ombe, hasa kwa mama mjamzito, na je, maneno ya jirani yangu kuhusu malisho yana ukweli wowote, au ni maneno ya mfanyabiashara anayeisifu bidhaa yake?

Muuguzi Lindi Mjini

Mwalimu, hongera kwa kumjali mama kijacho. Nitaanza na mama mkwe, kwa heshima zote anazostahili: kuhusu mnofu wa nguruwe, dai lake halisimami. Gramu 100 za mnofu mbichi usio na mafuta mengi huwa na takriban gramu 21 za protini, gramu 5 hadi 6 za mafuta na nishati ya kilokalori 140 hivi, lakini madini ya chuma ni kama miligramu 1 tu, wakati mnofu wa ng'ombe huwa na miligramu 2 au zaidi kidogo. Ndiyo maana nyama ya nguruwe huonekana nyeupe-nyeupe ikilinganishwa na ya ng'ombe. Ile rangi nyekundu ya msuli hutokana na protini inayobeba chuma ndani yake, na nguruwe anayo kwa kiasi kidogo zaidi. Mjamzito anahitaji miligramu 27 hivi za chuma kwa siku, kwa hiyo mtu akitegemea steki ya nguruwe kuziba pengo hilo atakula hadi achoke na damu isipande. Vidonge alivyopewa kliniki ndivyo vinavyobeba kazi kubwa, naye asiviache hata kama vinamletea kichefuchefu. Amweleze mhudumu wake, atasaidiwa.

Maini ni habari nyingine kabisa. Gramu 100 za maini mabichi ya nguruwe zina zaidi ya miligramu 20 za chuma, ilhali maini ya ng'ombe yana kama miligramu 5. Huenda hapo ndipo sifa aliyoisikia mama mkwe ilipotoka. Lakini maini hayohayo yana vitamini A nyingi mno: kipande cha gramu 100 huvuka mikrogramu 5,000, na kiwango ambacho mjamzito hatakiwi kukizidi kwa siku ni mikrogramu 3,000, kwa kuwa vitamini A ya wanyama ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Huko Uingereza wajawazito hushauriwa waache maini kabisa. Hapa kwetu ushauri wa kliniki mara nyingi huyaruhusu, kwa sababu upungufu wa damu ni tatizo kubwa na nyama yenyewe haipatikani kila siku. Kwa maoni yangu yasiwe chakula cha kila juma, yakiliwa yawe kipande kidogo, na mimba ikiwa bado changa ni bora asubiri. Mwulizeni mhudumu wa kliniki yake, maana yeye ndiye anayejua wingi wa damu na umri wa mimba.

Sasa nije kwenye sifa ambayo nyama ya nguruwe inaistahili na ambayo husikii ikitajwa vijiweni. Ni vitamini B1, yaani thayamini. Mnofu wa nguruwe una takriban miligramu 0.8 hadi 1 katika gramu 100, karibu mara kumi ya nyama ya ng'ombe. Hakuna nyama ya kawaida ya machinjioni inayoifikia. Mtu mzima anahitaji miligramu 1.1 hadi 1.2 kwa siku, na mjamzito 1.4. Vitamini hii ndiyo inayousaidia mwili kugeuza wanga kuwa nguvu, na sisi wa mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, ni watu wa wanga: ugali wa muhogo, sembe, wali. Mahindi yanapokobolewa kuwa sembe nyeupe, sehemu kubwa ya B1 hubaki kwenye pumba. Zaidi ya hiyo, nyama ya nguruwe ina B6, B12, niasini, zinki na seleniamu kwa kiasi cha kuridhisha.

Kuhusu kaka yako: swali lake lijibiwe kwa kuuliza ni kipande gani. Nyama ya tumbo, ile yenye matabaka meupe, huweza kuwa na zaidi ya gramu 50 za mafuta katika gramu 100, kilokalori zaidi ya 500, na protini gramu 9 tu. Mnofu wa mgongo au wa paja uliopunguzwa mafuta ni chakula tofauti kabisa, ingawa vyote vimetoka kwa mnyama mmoja na hupimwa kwenye mzani mmoja. Mafuta yenyewe ni ya mchanganyiko: kama asilimia 40 ni yale mazito yanayopandisha lehemu mbaya, na asilimia 45 hivi ni ya aina ileile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni na korosho. Presha ina uhusiano wa karibu zaidi na chumvi, na hapo nawaogopa wauza soseji na bekoni kuliko mwuza nyama mbichi. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliziweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na nyama nyekundu, ambayo ya nguruwe imo, katika kundi la vile vinavyodhaniwa kwa uzito kuisababisha. Wataalamu wengi hushauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa juma. Familia inayokula mara moja moja iko mbali sana na kiwango hicho.

Bwana Mifugo Mstaafu, Newala

Nimefurahi kusoma maelezo ya Muuguzi, naye ameniachia nafasi ya kumtetea jirani yako, Mwalimu. Jirani anasema kweli, na sababu yake iko tumboni mwa mnyama.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo lenye vyumba vinne, na katika kile kikubwa wamo vijidudu vinavyokibadilisha chakula kabla hakijafika kwenye damu. Hata ukimlisha ng'ombe mashudu yenye mafuta mepesi, vijidudu hao huyageuza mengi yake kuwa mazito, hivyo mafuta ya ng'ombe hayatofautiani sana kutoka zizi moja hadi jingine. Nguruwe ana tumbo moja kama langu na lako. Mafuta anayokula husagwa, hufyonzwa na kuwekwa chini ya ngozi bila kubadilika sana. Kwa hiyo ukiyatazama mafuta ya nguruwe unatazama chakula chake cha miezi iliyopita.

Mifano iko hapahapa kwetu. Nguruwe aliyeshindiliwa karanga, kama inavyoweza kutokea Nanyumbu msimu unapokuwa mzuri, hutoa mafuta laini yanayoteleza, yasiyoganda vizuri hata asubuhi kukiwa na baridi ya uwandani. Aliyelishwa vichwa na matumbo ya samaki hadi siku ya kuchinjwa hutoa nyama yenye shombo ambayo ndimu haiwezi kuificha. Mfugaji mwenye akili huwaondolea samaki wiki kadhaa kabla ya kuchinja. Na lile jambo la B1 ambalo Muuguzi amelieleza lina upande wa pili: nguruwe ana uwezo mkubwa wa kuihifadhi vitamini hiyo katika msuli wake, na kadiri chakula chake kinavyokuwa nayo, ndivyo nyama inavyokuwa nayo. Sisi tunakoboa mahindi, tunakula sembe, pumba tunampa nguruwe, kisha tunamnunua kwa bei ya kilo ili turudishiwe tulichokitupa. Aliye na haja ya B1 peke yake ale dona. Ni rahisi zaidi.

Mabibo nayo yana nafasi yake, ila yasikuzwe kupita kiasi. Tunda la mkorosho lina sukari na maji mengi na protini kidogo, na ule ukakasi wake humfanya mnyama asiyatumie vizuri yakiwa ndiyo chakula kikuu. Machicha yanayobaki baada ya kukamua yakianikwa vizuri na kuchanganywa na pumba, mashudu na dagaa kidogo husaidia kupunguza gharama. Muhogo ni vivyo hivyo: makopa yaliyokauka ni chakula kizuri cha nguvu, lakini muhogo mchungu mbichi una sumu inayoweza kuua, na wafugaji wapya hulijua hilo wakati banda tayari lina msiba. Karanga na mahindi yenye ukungu wasipewe kamwe, hata kama yanaonekana ni hasara kuyatupa.

Kwa kuwa tumefika kwa mnyama mwenyewe, nigusie machache. Nguruwe jike hubeba mimba kwa siku 114, ambazo wafugaji huzikumbuka kwa kusema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na huzaa vitoto nane hadi kumi na viwili akiwa wa aina bora kama Large White au Landrace. Akilishwa vizuri, mtoto huweza kufikia uzito wa kuchinjwa kati ya miezi sita na minane, na karibu robo tatu ya uzito wake hubaki kuwa nyama na mifupa ya kuuza, wakati kwa ng'ombe ni kama nusu tu. Mnyama huyu hana tezi za kutosha za kutoa jasho, ndiyo sababu hujigaragaza matopeni jua linapowaka. Mpe kivuli, maji na nafasi, utashangaa kuona anachagua kona moja ya haja na kona nyingine ya kulala. Uchafu tunaomsingizia mara nyingi ni wa banda tulilomjengea.

Kuna jambo moja ambalo mke wako huenda akalifurahia. Vitoto vya nguruwe vinavyozaliwa kwenye sakafu ya saruji hupungukiwa damu ndani ya siku chache, kwa kuwa maziwa ya mama yao hayana chuma cha kutosha na hakuna udongo wa kuchimba. Sisi huwachoma sindano ya chuma siku ya tatu hivi.

Binti Kilwa

Assalam alaikum na heri kwa wote. Mimi ni Mwislamu, nyama hii siili wala sitaila, lakini nimehamishiwa kikazi Nachingwea na baadhi ya majirani huwaachia nguruwe wao wazurure mchana kutwa. Nimesikia kwamba minyoo ya nguruwe huleta kifafa. Je, sisi tusiokula tuko salama, au jambo hili linatuhusu pia?

Muuguzi Lindi Mjini

Waalaikum salaam, dada. Linakuhusu, na nashukuru umeuliza, kwa sababu wengi hudhani ulaji wa nyama ndio unaopeleka minyoo kichwani.

Hizi ni njia mbili tofauti. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu, vile viputo vyeupe vinavyokaribia ukubwa wa punje ya mahindi, anapata mnyoo mrefu anayekaa utumboni. Mnyoo huyo humsumbua kwa kiasi fulani, na hutibika kwa dawa. Tatizo kubwa huanza pale mtu huyo anapojisaidia porini au asiponawa mikono, kwa kuwa kinyesi chake kina mayai. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa na kuwa vifuko katika nyama yake. Binadamu akiyala mayai hayo kwa bahati mbaya, kupitia mboga mbichi, maji au mikono ya mpishi, vifuko hujengeka katika mwili wake yeye, na vikifika kwenye ubongo huweza kuleta kifafa. Hapo utaona kwamba anayepata kifafa si lazima awe amewahi kuonja kitimoto. Nimewahi kusikia familia ikishauriwa kwenda kwa mganga kwa ajili ya kijana aliyeanza kuanguka ukubwani, wakati alichohitaji kilikuwa ni vipimo na dawa.

Kinga yako ni kuosha mboga na matunda kwa maji safi, kunywa maji yaliyochemshwa na kunawa mikono kwa sabuni. Kinga ya mtaa mzima ni vyoo vinavyotumiwa na watu wote na nguruwe wanaofungiwa bandani. Zungumza na uongozi wa mtaa kuhusu hao wanaozurura. Hoja yako ni ya afya, nayo inawahusu hata wafugaji wenyewe, kwa kuwa nguruwe mwenye vifuko akikaguliwa ipasavyo nyama yake hukataliwa.

Mama Jikoni, Masasi

Mimi si mtaalamu wa vitamini, ni mpishi, lakini hapo kwenye kuiva nina neno. Wateja wengi hupenda nyama iliyokatwa vipande vikubwa na kuchomwa upesi kwenye mkaa mkali, na matokeo yake nje inaungua huku katikati bado ni ya waridi na inatoa maji mekundu. Mimi huikata vipande vidogo, naichemsha kwanza kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kidogo hadi iive, ndipo naikaanga kwa mafuta yake yenyewe au kuipitisha kwenye moto ipate rangi. Wapo wanaoamini kwamba ndimu, pilipili au kinywaji kikali cha kusukumia huua minyoo. Hivyo haviui; moto ndio unaoua.

Ninachotaka Muuguzi anisaidie ni kuhusu ile supu ya kuchemshia. Wengine huimwaga wakisema imebeba uchafu na mafuta yote.

Muuguzi Lindi Mjini

Mama, usiimwage. Vitamini B1 huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto wa muda mrefu, kwa hiyo sehemu ya ile sifa tuliyoieleza imo ndani ya supu hiyo. Iache ipoe, mafuta yapande juu, uyaengue, na supu inayobaki uitumie kupikia rosti au mbaazi. Kuhusu moto, vifuko vya tegu hufa nyuzi zinapovuka 60 hadi katikati ya kipande, na kwa jikoni zetu zisizo na kipimajoto kanuni yako ya kukata vidogo na kuchemsha hadi hakuna rangi ya waridi inatosha.

Na kwa Mwalimu: nyama kidogo, ya mnyama yeyote, ikiliwa pamoja na kisamvu au mbaazi humsaidia mama kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga hizo. Ndimu, chungwa au bibo lililoiva baada ya chakula huongeza msaada huo, kwa kuwa vitamini C ya bibo huizidi ya chungwa mara kadhaa. Chai ya rangi aisogeze mbali na mlo, kwani hupunguza kazi yote hiyo.

Mwalimu wa Chiungutwa

Nawashukuru sana, nimepata zaidi ya nilichokiomba, na shikamoo Bwana Mifugo. Mama mkwe amesomewa sehemu ya maini na amefurahi kuliko alivyosikitikia sehemu ya mnofu. Nina swali moja la nyongeza. Mjomba wangu wa Liwale hutuletea nyama ya nguruwe pori iliyobanikwa, na watu husema haina mafuta na ni salama kwa kuwa mnyama huyo hali uchafu wa binadamu. Je, yafaa kumpa mama mjamzito?

Bwana Mifugo Mstaafu, Newala

Marahaba, Mwalimu. Ni kweli kwamba nguruwe pori huwa na mafuta machache kuliko wa bandani, kwa sababu hutembea sana na hali pumba. Lakini usalama wake hauna aliyeuthibitisha. Nyama hiyo haikukaguliwa na mtu yeyote, minyoo ya misuli hupatikana pia kwa wanyama wa porini, na kubanika juu ya moshi huikausha nje bila uhakika kwamba ndani imefikia joto la kutosha. Kama ipo tayari nyumbani, ichemsheni upya hadi iive kabisa. Kwa mama mjamzito mimi ningemnunulia nyama yenye mhuri wa mkaguzi, ya mnyama yeyote anayemtaka. Mjomba naye ahakikishe ana kibali, hata kama nguruwe hao wanammalizia muhogo shambani, maana sheria ya wanyamapori haitazami nani alianza ugomvi.

Lipo na jambo linalomhusu jirani yako mfugaji. Ngiri na nguruwe pori huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ugonjwa ambao ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haumdhuru binadamu, lakini nguruwe wa kufugwa akiupata hana tiba, na banda zima huweza kuisha ndani ya siku chache. Virusi hivyo hukaa muda mrefu katika nyama iliyokaushwa. Kwa hiyo mifupa, ngozi na maji ya kuoshea nyama ya mjomba visimwagwe kwenye ndoo ya makombo inayokwenda kwa jirani. Vichomwe, au vifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua.